Haiwaki, Haina Neno

Mkitaka kucheka chekeni tu, mimi nimeshachekwa na watu wa hapa Mapinga, wa Bagamoyo mjini, mpaka juzi juzi nimeingia duka la vipuri huko Dar, mahali ambapo hakuna anayenijua wala anayemjua anayenijua, muuzaji akaniangalia mara mbili, akaweka simu chini, akasema, "Samahani kaka, wewe si ndiye yule Haina Neno?" Nikaacha vipuri kaunta nikatoka. Aibu nyingine mtu unaizoea kama kiatu kinachobana, lakini hii yangu kila nikiivaa inanitoa malengelenge mapya.

Jina langu halisi ni Kibwana. Kwetu ni Fukayosi, baba yangu alikuwa mkulima wa mananasi na mihogo, na mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, kibanda changu kipo hapa barabarani, na kabla ya siku ile nilikuwa fundi mwenye maneno mengi kidogo (mengi sana, wanasema wenzangu, na kwa sasa sina haki ya kuwabishia).

Sasa mkasa wenyewe unaanza na Zuhura. Zuhura ni binti wa Mzee Said, watu wa asili ya Oman, wana tanuri lao la mikate ya boflo pale Bagamoyo mjini tangu enzi za babu yao, na mimi na Zuhura tulikuwa tumependana kwa muda mrefu, kwa adabu, kwa simu zaidi kuliko kwa macho. Mzee Said hakuwahi kunikataa kwa mdomo. Yeye alikuwa na ufundi wake: kila jina langu likitajwa anaulizia bei ya unga. Aliyenishika mkono katika nyumba ile alikuwa mtu mmoja tu, Bibi Salma, mama yake Mzee Said, bibi wa Zuhura, ambaye aliniita "mchumba wangu" tangu siku ya kwanza niliyokwenda kumtengenezea feni. Bibi huyu alikuwa na sauti, jamani. Kwenye maulidi ya akina mama yeye ndiye aliyekuwa akianzisha kasida, na akianza hata wauza samaki njiani walikuwa wakipunguza kelele. Na sauti hiyohiyo ndiyo aliyoitumia kumsomesha mwanawe, mwezi baada ya mwezi: "Mtoto wa watu anataka kuja kwa mlango wa mbele, Said, mwachie mlango." Mpaka siku moja mzee akachoka, akasema haya, waje wazee wake tuwasikilize.

Mnajua desturi. Siku wazee wanapokwenda kuposa, mposaji mwenyewe haonekani. Baba Mkubwa Mwinshehe, kaka wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa aende kuniongelea, alinipigia simu kunisisitizia: "Kibwana, siku hiyo wewe hupo. Hata ukiitwa hupo. Neno lako tunalo sisi." Nikamwambia nimeelewa Baba Mkubwa, nitakaa Mapinga na simu yangu.

Asubuhi ya siku yenyewe Zuhura akapiga. Friji lao la kioo, lile la soda, limekataa kupoza, na humo ndimo alimoweka soda za wageni na jagi za sharubati ya ukwaju. Tena, sikilizeni hapa, msichana wa watu hakuniomba niende. Alisema, "Nakwambia tu, usije. Nitanunua barafu, nitatia kwenye ndoo, yaishe."

Barafu! Ningemwacha anunue barafu, leo ningekuwa na mke.

Lakini mimi nikaona haiwezekani, fundi friji mzima, wakwe zangu wanywe soda kutoka kwenye ndoo siku ya neno langu, si wataniandika kwenye vitabu vya vichekesho? Nikamwambia nakuja chapchap, naingia kwa uchochoro wa nyuma, najaza gesi, natoka kabla wazee hawajafika. Watu wa Fukayosi hatujawahi kuwahi popote, nilijua nina muda wa kutosha.

Friji lilikuwa ndani ya chumba cha tanuri, limebanwa ukutani. (Ndiyo maana liliugua, friji gani linakaa jikoni kwa shetani.) Tanuri lenyewe lilikuwa linawaka, lile la kutumia gesi, moto wake unaonekana kwa chini kwenye kitobo, wa buluu, umetulia, na ndani mna boflo za wageni. Friji lina magurudumu. Naomba mlikumbuke hilo, lina magurudumu, ningelisukuma hadi uani kwenye upepo, kazi ikafanyika huko. Ila uani kunaonekana kutoka barazani, na mimi siku ile nilikuwa sipo. Nikasema nitalifanyia humuhumu.

Bibi Salma alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na magunia ya unga.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mchumba wangu. Na leo umefuata nini? Leo si siku yako ya kuonekana."

"Nimefuata friji, Bibi, sikumfuata mjukuu wako."

"Muongo wewe," akacheka, "friji gani linalokupaka manukato."

Basi nikafanya kazi. Nikaona pale bomba lilipotoboka, nikachomelea, nikaunganisha mpira kutoka kwenye mtungi wangu mkubwa wa gesi ya friji, nikaanza kujaza. Pale mpira unapoungana na mtungi pakaanza kusema ssss. Washa, kile kipete cha mpira cha kuzibia, imekwisha, inavuja. Washa mpya ninayo, imo kwenye boksi, boksi lipo kwenye pikipiki, pikipiki ipo uchochoroni. Nataka kutoka tu, nasikia mbele, "Hodi! Assalaam alaykum!" Sauti ya Baba Mkubwa. Watu wa Fukayosi, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, wamewahi.

Zuhura akachungulia, macho yamemtoka, akanong'ona, "Usitoke! Usitoke kabisa!" akafunga mlango wa uani kwa komeo la nje ili asije mtu akaufungua kwa bahati mbaya. Mimi nami nikarudishia dirisha, nisionekane. Ukabaki mlango mmoja tu, ule unaopita kaukumbi kadogo kwenda sebuleni, na sebuleni ndiko wazee walikokuwa wanakaa.

Bibi akatega sikio. Akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo gesi si inavuja? Na moto si ule pale? Usije ukatulipua na mikate yetu."

Hapo ndipo ningekuwa mtu mzima. Badala yake nikawa mwalimu. Nikamweleza kwamba hii si gesi ya jiko, hii ni ya friji, haishiki moto hata uifanyeje, na ili anione kweli najua nikachukua kiberiti, nikawasha njiti, nikaisogeza palepale panapovuja. Njiti ikainama, ikazimika, fuu. Nikatandaza mikono kama mwanamazingaombwe.

"Umeona Bibi? Haiwaki. Haina neno."

Bibi akaziba kicheko kwa kanga. Akavuta kigoda chake karibu na mlango wa sebuleni, akanipa ishara nami nisogee, maana alichotaka yeye muda wote huo, nikuambieni ukweli, ni kusikiliza posa. Nami pia. Nani asingetaka kusikia wazee wakimsifu? Tukakaa, mimi sakafuni, yeye kigodani, masikio mlangoni, mimi na bibi wa mchumba wangu, kama watoto wanaonyemelea chungu cha wali, na mtungi nyuma yetu unaendelea, ssss, nimeuacha wazi mpaka friji lijae kwanza. Nikausahau.

Tukamsikia Baba Mkubwa anakohoa kusafisha koo. "Mzee Said, sisi ni watu wa shamba, hatujui kuzunguka. Tumekuja na neno, na neno lenyewe ni jema. Tuna kijana wetu, ametulia, anajua kazi yake..."

Bibi akanifinya shavu. Anajua kazi yake! Jamani, ile raha!

Halafu Bibi akageuka nyuma. "Mchumba, moto ule mbona umekuwa wa kijani?"

Nikatazama. Kweli, chini ya tanuri moto haukuwa buluu tena, umeingia ukijani, tena wa kupendeza. Na mimi, badala ya kushtuka, nikasema, "Labda gesi ya tanuri inakaribia kuisha. Haina neno." Mara ya pili hiyo, wenye kuhesabu hesabuni.

Kisha nikaanza kuhisi kitu kooni. Si moshi, moshi ninaujua. Hii ilikuwa kali, chungu, kama umefungua betri la gari ukanusa maji yake, inachoma puani, machozi yanakuja yenyewe. Bibi akaanza kukohoa. Na hapa ndipo panaponiua mimi, kwingine kote najicheka lakini hapa siwezi: yule bibi alijaza kanga mdomoni ili kikohozi chake kisisikike sebuleni. Alikuwa anakizuia kwa ajili yangu. Mabega yanamtetemeka, uso umeiva, na mkono wake mwingine unanipungia, tulia, tulia, wanaongea, usiwaharibie.

Huku nyuma Zuhura na shangazi zake walikuwa upande wa pili, nao wakaanza kusikia harufu. Sasa nyumba yenye wageni ikiwa na harufu mbaya mwanamke wa pwani anafanya nini? Anatia ubani. Zuhura akaleta chetezo kimejaa makaa mekundu, akakiweka kwenye kale kaukumbi, chini kabisa, mlangoni kwetu. Na gesi ya friji ni nzito, haipandi, inatambaa sakafuni, inapita chini ya mlango, ikakutana na makaa. Ule ubani haukunukia ubani. Tukasikia sebuleni mmoja anakohoa, wawili, kisha shangazi mmoja akapaza sauti kutoka ndani, "Hapa kuna jicho! Kuna hasidi kapita! Ongezeni ubani!"

Wakaongeza. Na makaa wakaongeza.

Nilijua sasa kuna jambo, nikataka kwenda kufunga mtungi, sikuuona vizuri kwa machozi, nikageuka kumwambia Bibi tutoke, nikakuta kigoda kitupu. Bibi alikuwa ameteleza, amelala kwenye unga uliomwagika, anavuta pumzi kwa mlio ambao sitaki kuuiga. Nikambeba. Nikapiga mlango wa uani kwa bega, komeo. Ukabaki mlango wa sebuleni.

Niambieni, ningefanyaje? Nikaupiga teke.

Wazee walikuwa wameinua mikono, wanaomba dua. Ndivyo nilivyowakuta, viganja juu, kanzu nyeupe, kofia za kazi ya mkono, halua ipo mezani, soda za moto zipo mezani, nami naingia nikiwa na fulana ya ndani, ovaroli nimelifungia kiunoni, unga kuanzia kichwani mpaka kwenye nyusi, kamasi zinachuruzika, nimembeba mama wa mwenye nyumba kama bibi harusi. Mposaji ambaye hayupo. Baba Mkubwa alinitazama kwa jicho ambalo hata baba yangu angefufuka asingenitazama nalo.

Nikapiga kelele, "Tokeni! Gesi! Gesi!"

Na kwa mtu wa kawaida gesi ni moja tu, ile inayolipuka. Sijawahi kuona watu wazima wakipungukiwa heshima kwa haraka namna ile. Meza ikapinduka, halua ikakanyagwa, Baba Mkubwa Mwinshehe, mtu wa mwili wake, akapitia dirisha la barazani na kanzu ikabaki nusu kwenye komeo la dirisha, viatu vikavaliwa ovyo, mtaa wote ukatoka, na mtu mmoja, sijui nani na sitaki kumjua, akaona hapo ndipo pa kutoa simu arekodi.

Mzee Said akampokonya mama yake mikononi mwangu. "Gesi gani? Umeingiza gesi gani nyumbani kwangu?"

Ndugu zangu, mdomo huu. Mdomo huu ulikuwa na maneno yote ya Kiswahili ya kuchagua. Mama wa mtu anakoroma kifuani kwake, wageni wanakohoa barabarani, na mdomo huu ukasema, wazi kabisa, mbele ya simu ile:

"Haiwaki mzee, haina neno."

Hicho ndicho kipande kilichozunguka kwenye magrupu. Mwanzo wake hakuna aliyeuona, wala mwisho. Wameona jitu la unga linasema haina neno, basi.

Hospitali walimpeleka Bibi kwa bajaji, mimi nikiwa nyuma na pikipiki, kwa kuwa hakuna aliyenipa nafasi. Daktari alipouliza Bibi amevuta nini, wote wakanigeukia. Nikaeleza. Daktari, kijana mpole tu, akanisikiliza hadi mwisho kisha akasema gesi ile kweli haiwaki, lakini ikipita kwenye moto moto unaivunja, inageuka kuwa sumu kama tindikali, na mtu akiivuta ndani ya chumba kilichofungwa inamuunguza koo na mapafu. "Moto haukubadilika rangi?" akaniuliza. Nikasema ulikuwa wa kijani. Akaandika kwenye kadi ya Bibi.

Na palepale, kwenye benchi la hospitali, nikakumbuka. Chuoni tulifundishwa! Mwalimu alisimama ubaoni akasema kabla hujafungua mtungi zima kila moto, toa chombo nje, fungua milango, na ukiona moto umegeuka kijani acha kila kitu ukimbie. Nilikuwepo darasani. Nilikuwa nimekaa nyuma, simu chini ya dawati, nachati na Zuhura, ndiyo kwanza tumefahamiana.

Tanuri nalo halikupona. Siku ile Mzee Said alitupa mikate yote, na baada ya muda si mrefu vyuma vya chini pale pa kutokea moto vikaanza kuliwa na kutu kama vimetoka baharini, tanuri ambalo babu yake aliliacha likiwa zima.

Wageni wote walipona, macho mekundu tu kwa siku kadhaa. Bibi Salma alikaa wodini akarudi nyumbani, anatembea, anakula uji, alhamdulillahi. Sauti ndiyo haikurudi. Kinachotoka ni upepo, kama karatasi inayokwaruzwa. Maulidi yaliyofuata kasida ilianzishwa na mwanamke mwingine, na Bibi, nimeambiwa, alikaa safu ya mbele akawa anapiga makofi tu.

Baba Mkubwa alirudi Bagamoyo kuomba radhi (na kurudisha kandambili, moja alikuwa ametoka na ya Mzee Said). Nilimsubiri hapa kibandani. Alipofika hakukaa, akaniambia akiwa amesimama. Alisema Mzee Said alimpokea vizuri, kahawa alipewa, matusi hakuna. Kisha mzee akamwambia hivi: "Mlikuja na neno, tukawasikiliza. Mtoto wenu akasema mwenyewe, haina neno. Aliyekuwa akimsemea kijana wenu ndani ya nyumba hii alikuwa mama yangu, na mama yangu sasa hana sauti ya kusema. Basi na sisi, sheikh, hatuna neno."

Nilimpigia Zuhura, hakupokea. Nikapiga tena, na tena, mpaka nikajionea haya. Baada ya siku nyingi ukaja ujumbe mmoja: "Bibi anakusalimia. Amenionyesha kwa mkono." Mpaka leo sijajibu.

Kazi bado nafanya, njaa haina aibu. Lakini nimeapa, na hapa kijijini wanaona nimerukwa akili: friji la mtu likiwa karibu na jiko, na mkaa, na chetezo, hata mshumaa, siligusi mpaka litoke nje, nalitoa mwenyewe, nalibeba mgongoni kama halina magurudumu. Mama mmoja alinikasirikia wiki iliyopita, sufuria yake ya maharage ilikuwa karibu kuiva, nikamwambia zima kwanza. Akasema, "Si hiyo haiwaki?" Nikainama nikazima jiko mwenyewe.

Mwezi huu nilikwenda Fukayosi kumwona mama yangu. Aliniwekea chakula, akanikalisha, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo, akasema, kwa upole wake ule, "Haina neno, mwanangu. Utapata mwingine."

Nikaacha tonge kwenye sahani.

"Ina neno, mama," nikamwambia. "Ina neno."